Mtoto ana Down, tena ana usonji: utamtetea vipi shuleni?

Mzazi wa mtoto mwenye hali ya Down huzoea kuambiwa jambo moja tangu mwanawe akiwa mchanga: "Watoto hawa wana upendo sana." Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi ni kweli. Kisha mtoto anaanza shule, na siku moja mwalimu analileta lilelile kwa sauti nyingine: "Mbona wenzake ni wacheshi, huyu wako hataki hata kuangaliwa?" Mzazi hana la kujibu. Ni kweli mtoto hatazami uso wa mtu. Haonyeshi kwa kidole kitu kilichomfurahisha. Anaweza kukaa saa nzima akizungusha kifuniko cha chupa, na wimbo wa asubuhi ambao watoto wengine huungoja kwa hamu, yeye akiusikia huziba masikio na kujitupa chini. Shule imeshaandika "mkaidi". Daktari alishasema "Down". Lile neno la pili halijatajwa na yeyote.

Neno lenyewe ni usonji (kwa Kiingereza autism), hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kushirikiana na watu, na familia nyingi hulipata limechelewa kwa miaka. Sababu ya kuchelewa si ngumu kuielewa. Hali ya Down ina ushahidi wake ndani ya seli: mtoto huwa na kromosomu ya 21 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi) tatu badala ya mbili. John Langdon Down, daktari Mwingereza, aliieleza hali hii mwaka 1866, ila chanzo chake kilijulikana mwaka 1959, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walipochapisha nchini Ufaransa habari za kromosomu hiyo ya ziada. Leo kipimo cha damu kinamaliza ubishi. Usonji hauna kipimo cha namna hiyo. Tangu Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto nchini Marekani, alipouelezea mwaka 1943, hutambuliwa kwa mtaalamu kumtazama mtoto, kumhoji mzazi juu ya makuzi yake, na kulinganisha. Sasa mtoto akiwa tayari ana jina la hali yake, kila kinachoonekana hubandikwa jina hilohilo. Hasemi? Ni Down. Anapunga mikono mbele ya macho? Ni Down. Jina la kwanza linalitia kivuli la pili.

Na si jambo la nadra. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba asilimia 16 hadi 18 ya watoto wenye Down wana usonji pia, yaani karibu mmoja kati ya sita. Mwalimu aliyewahi kufundisha watoto wengi wenye Down huenda amekutana naye tayari bila kumjua, akamwita "yule mgumu".

Kuchelewa kusema peke yake hakuthibitishi usonji. Watoto wengi wenye Down huchelewa kusema, lakini mwenye Down pekee, hata kama hana neno hata moja, bado anakutafuta kwa macho, anakuvuta mkono akuonyeshe paka, anacheka kwa sababu wewe umecheka, anaiga unavyochana nywele. Anataka mzungumze, kinachomshinda ni ulimi. Kwa mtoto mwenye hali zote mbili, mara nyingi hamu yenyewe ya kushirikiana jambo na mwenzake ndiyo iko tofauti: atakuvuta mkono kukupeleka kwenye kabati la biskuti, lakini si kukuonyesha paka. Hapo ndipo pa kuangalia. Na iwapo alikuwa na maneno kadhaa kisha yakapotea, usingoje muhula uishe. Hilo ni la daktari, mapema.

Njia mbili zinazogongana

Mtu anaweza kuuliza: mtoto ni yuleyule, jina la pili litamsaidia nini? Shuleni linabadilisha karibu kila kitu, kwa sababu mbinu zilizozoeleka kwa watoto wenye Down zinategemea nguvu ambazo mtoto huyu hana, na mbinu zilizozoeleka kwa watoto wenye usonji zinachukulia kwamba mwili wake hauna shida.

Tuanze na upande wa kwanza. Mwalimu wa elimu jumuishi, inayowasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao, aliyesoma kidogo kuhusu Down amefundishwa kwamba watoto hawa hujifunza kwa kuiga, kwamba hupenda kusifiwa, na kwamba ukimkalisha kati ya wenzake atafuata mkumbo. Anafanya hivyo hasa. Anamweka katikati ya kundi lenye kelele, anampigia makofi akipatia, anasubiri aige. Kwa mtoto ambaye kelele zinamwumiza na kuiga ni kazi ngumu, makofi yale ni adhabu. Kesho atakataa kufanya lile alilopatia jana, na mwalimu ataapa kwamba anafanya makusudi.

Upande wa pili nao una mitego yake. Mtaalamu wa usonji analeta kazi za mezani zenye vipande vidogo na maagizo ya harakaharaka, lakini vidole vya mtoto mwenye Down mara nyingi vina misuli milegevu, na jibu lake huchelewa kufika. Ukimwambia "kaa", huenda akahitaji sekunde kumi kabla mwili haujatii. Katika sekunde ya tatu mwalimu anarudia, katika ya tano anarudia tena kwa maneno mengine, na kila mara mtoto analazimika kuanza upya kuchambua. Ukiniuliza ni ombi gani moja la bure kabisa ambalo mzazi aende nalo shuleni, ni hili: semeni mara moja, kisha hesabuni kumi kimoyomoyo.

Pale hali hizi mbili zinapokutana ni kwenye macho. Mtoto mwenye Down kwa kawaida hukumbuka alichokiona kuliko alichokisikia. Kumbukumbu yake ya muda mfupi kwa maneno ya kusikia ni dhaifu. Mtoto mwenye usonji naye hutulia anapojua nini kinafuata. Picha inatibu yote mawili. Ratiba ya picha ukutani, kadi mbili zinazosema "kwanza kazi, kisha bembea", kiatu halisi mkononi kumwonyesha kwamba sasa tunatoka nje kwa mtoto ambaye picha bado hazimwambii kitu: hivi ndivyo vitu vya kudai kabla ya vifaa vya bei kubwa. Zipo pia njia zilizopangwa kitaalamu. Makaton, ya Uingereza ya miaka ya 1970, inaunganisha ishara za mikono, alama na maneno. PECS, iliyobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, humfundisha mtoto kumpa mtu picha ili apate anachokitaka. Kwa mwenye usonji ile hatua ya kumpa mtu ni muhimu, maana inamlazimisha amtafute mtu badala ya kulia mbele ya kabati. Utaambiwa kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Tafiti hazijaonyesha hivyo, na kwa watoto wengi maneno huongezeka. Shule isiyomwandikia mtoto asiyesema njia yoyote ya kusema haina cha kumlaumu anaporusha kitabu.

Kabla hamjasema ni tabia, angalieni mwili

Kuna kanuni moja ambayo mzazi anapaswa kuingia nayo kwenye kila kikao: tabia ikibadilika ghafla, daktari kwanza. Mtoto asiyesema huieleza maumivu kwa mikono na kichwa chake, na mwenye Down ana mengi ya kumwumiza. Wengi wao hupata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na usikivu wao hupanda na kushuka kama redio mbovu, hivyo Jumatatu anasikia na Alhamisi "anapuuza". Kujigonga kichwa upande mmoja kunaweza kuwa ni sikio hilo. Pumzi kukatikakatika usingizini ni jambo la kawaida kwao. Mtoto anayekoroma usiku kucha ataamka amechoka na ataonekana mkorofi ifikapo saa nne asubuhi. Tezi ya thairoidi, macho, meno, choo kigumu, tumbo linalokataa ngano: vyote viko kwenye orodha.

Shingo inastahili sentensi zake yenyewe. Kwa baadhi ya watoto wenye Down viungo kati ya mifupa miwili ya juu ya shingo ni vilegevu. Mwalimu wa michezo anapaswa kujua hilo kabla hajamruhusu mtoto kubiringika kwa kichwa, na kila mtu mzima shuleni anapaswa kujua kwamba mtoto akianza kutembea vibaya, akashikilia shingo, au akaanza kujikojolea ilhali alishaacha, hilo si suala la nidhamu. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

Kitabu kinachoruka saa nne

Tuseme mwili umechunguzwa na tabia ipo palepale. Chukulia mtoto wa miaka minane anayerusha vitabu wakati wa hesabu. Shule imejaribu kumkemea, imejaribu kumtoa nje akatulie, na mwishoni imempigia mzazi simu aje amchukue. Hali inazidi kuwa mbaya. Mzazi aende na ombi moja: kwa wiki mbili, kila tukio liandikwe mambo matatu, yaani kilichotangulia, alichofanya, na kilichofuata. Mistari mitatu tu, si insha. Waandike hata saa na nani alikuwa karibu.

Karatasi hiyo mara nyingi hufichua ambalo hakuna aliyelitarajia. Tuseme inaonyesha kwamba kitabu kiliruka mara tisa, na mara nane kati ya hizo mtoto alitolewa nje. Nje kuna kimya, hakuna hesabu. Kwa mtoto huyu "adhabu" ndiyo hasa alichokuwa anakiomba, na kitabu ndilo neno pekee alilokuwa nalo la kukiombea. Amejifunza vizuri sana. Sisi ndio tuliomfundisha. Dawa basi ni kumpa neno jingine lenye nguvu ileile: kadi ya "pumzika" iliyobandikwa kwenye meza yake, na mtu mzima anayeiheshimu papo hapo, kila mara, hata kama somo ndiyo kwanza limeanza. Kadi isipofanya kazi haraka kama kitabu, atarudi kwenye kitabu. Nani asingerudi? Baada ya wiki kadhaa, kadi ikishazoeleka, ndipo anaombwa afanye swali moja kabla ya kutoka, kisha mawili.

Kujibwaga chini nako kunataka mtu wa kukufafanua. Watoto wengi wenye Down hukaa chini ghafla njiani na kugoma, na akiwa na usonji pia huwa hivyo hasa wakati wa kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Kumvuta mkono ni hatari kwa viungo vilegevu, na humfundisha kwamba kuhama kunauma. Kumwonyesha picha ya anakokwenda, kumngoja mkihesabu kumi kimoyomoyo, na kutosimama watu wazima kadhaa juu ya kichwa chake mkipiga kelele kwa zamu, huwa vinafanya kazi zaidi. Si kila siku, lakini zaidi.

Kikaoni

Haki ipo, na ni vizuri kuijua. Tamko la Salamanca, lililotolewa katika mkutano wa kimataifa nchini Hispania mwaka 1994, liliweka msingi wa shule kupokea watoto wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika 2008, unasema katika Ibara ya 24 kwamba mtoto asitolewe kwenye mfumo wa elimu kwa sababu ya ulemavu, na kwamba apewe marekebisho yanayomfaa. Ibara ya 2 inakwenda mbali zaidi: kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Nchi nyingi mno zimeridhia mkataba huo, na nyingi zina sheria zao juu yake. Itafute ya kwako na uisome mwenyewe, badala ya kusimuliwa.

Hata hivyo, mimi nisingeanza kikao na sheria. Ukianza nayo, mwalimu mkuu ataacha kusikiliza na kuanza kujilinda, na mwalimu wa darasa, ambaye ndiye utakayemhitaji kila siku, atakuona wewe ni kesi. Anza na video ya dakika mbili kutoka nyumbani. Shule humwona mtoto wako katika saa zake mbaya kuliko zote. Hawajui kwamba anapanga vijiko kwa ukubwa bila kukosea, au anafungua simu yako kwa namba ya siri ambayo hukumfundisha. Mwalimu akishaona hilo, swali linageuka lenyewe. Haulizi tena kama anaweza. Anauliza umefanyaje.

Kisha njoo kwenye maneno, maana ahadi za shule hupotelea kwenye maneno malaini. "Tutamsaidia zaidi." "Ataboresha mawasiliano." Hakuna mtu duniani anayeweza kuthibitisha kama hayo yalitimizwa. Lengo la kwenye mpango wa elimu wa mtoto, yaani karatasi ambamo shule huandika atakachojifunza na msaada atakaopewa, linapaswa kuwa kitu ambacho mtu mgeni akiingia darasani anaweza kukihesabu: wakati wa kazi za mezani, atatoa kadi ya "msaada" mwenyewe, bila kukumbushwa, mara tatu kati ya tano, ifikapo mwisho wa muhula, mwalimu wa darasa ataandika kila Ijumaa. Ni nani, nini, mara ngapi, tutaangalia lini. Lisipotimia, hakuna wa kulaumiwa kwanza. Lengo linabadilishwa au msaada unaongezwa. Kinachokataliwa ni kunakili lengo lilelile mwaka wa tatu mfululizo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mvulana mwenye usonji ambaye malengo yake yalikuwa yakijirudia mwaka hadi mwaka, iliamua kwamba mpango unaomsogeza mtoto kwa kiasi kidogo mno cha kuhesabika kuwa maendeleo hautoshelezi sheria ya huko. Lazima maendeleo yalingane na hali ya mtoto mwenyewe. Hukumu hiyo haiifungi shule iliyo nje ya Marekani, ila hoja yake unaweza kuiazima bure.

Utaombwa ukubali nusu siku. Husemwa kwa upole, "mpaka atakapozoea", na mara nyingi bila karatasi. Huenda kweli mtoto amezidiwa na nusu siku ikamfaa kwa muda. Lakini isiyo na tarehe ya mwisho ni kufukuzwa kwa awamu. Uliza maswali matatu, na uyaulize kwa maandishi: itaisha lini, nini kitafanyika katika muda huo ili arudi siku nzima, na nani ameamua. Kama hakuna majibu, hapo sasa ndipo sheria inapotolewa mfukoni.

Kuhusu msaidizi wa mtoto darasani, nina maoni ambayo si wazazi wote watayapenda. Wengi hupigania msaidizi wa peke yake kana kwamba huo ndio ushindi wenyewe. Kisha anapatikana mtu mwema anayembebea begi, anamjibia maswali, anakaa kati yake na watoto wenzake kama ukuta, na mwaka unaisha mtoto akiwa amejifunza kumtazama msaidizi tu. Ukimwomba msaidizi, omba pia yaandikwe anayopaswa kuacha kufanya, na lini. Kwa mtoto anayekimbia kutoka darasani, msaidizi wa karibu ni usalama na hakuna mjadala. Kwa kazi ya kuchora, arudi nyuma hatua mbili.

Swali la shule gani, ya kawaida au yenye kitengo maalumu, nimeliacha makusudi hadi hapa. Watu hulianza nalo na kugombana nalo kwa mwezi mzima wakati hakuna aliyeandika mtoto anahitaji nini. Orodha ya mahitaji ikishakamilika, tembelea darasa lenyewe, kaa nyuma saa moja, uangalie kama vitu vile vipo au vinaweza kuwepo.

Mkishaagana, andika ujumbe mfupi siku hiyohiyo: "Nashukuru kwa kikao, mwalimu. Nilivyoelewa, tumekubaliana hivi na hivi, na tutaonana tarehe fulani." Mwombe akusahihishe kama umekosea. Kumbukumbu hiyo ya aya moja ina thamani kuliko kumbukumbu za vikao kumi vilivyokwenda vizuri kwa mdomo. Na mwalimu akifanya jambo jema, liandike pia kwa jina lake: "Nimeona ameanza kukuletea kadi, ile kungoja sekunde kumi imesaidia." Walimu wa watoto hawa husikia malalamiko tu.

Mtoto mwenyewe ana sauti kwenye haya. Mkataba ule, katika Ibara ya 7, unampa haki ya kutoa maoni yake na kusaidiwa kuyatoa. Kwa asiyesema, maoni ni picha mbili mezani na macho yanakoelekea. Ni mlango anaoukataa kila asubuhi na mwingine anaoukimbilia. Andika hayo kama ungeandika maneno yake.

Mwaka unageuka, mwalimu anabadilika, na kila kitu kinataka kuanza upya. Kwa hiyo tengeneza karatasi moja, upande mmoja tu, yenye picha yake anayotabasamu. Iseme ana hali zipi mbili na kila moja inamfanya nini, anavyosikia na sikio lipi ni bora, kisichoruhusiwa kwa shingo yake, kinachomtuliza, kinachomtisha, kwamba angojwe. Na chini kabisa iseme anavyosema "ndiyo": hupiga meza mara moja kwa kiganja, kwa nguvu. Mwalimu mpya asiyeambiwa atadhani ni hasira.